Mji Ulio Katikati ya Pori



Wasomaji wetu, wazee kwa vijana, mwezi huu twapenda kuwasimulia khabari za safari tuliyoifanya mwaka jana kwenda Liwale, mji mdogo ulio katika mkoa wa Lindi, uliozungukwa na miombo na pori kila upande. Hatukwenda huko kwa biashara wala kwa matembezi. Tulikwenda kulipa deni, na deni lenyewe lilikuwa la ulimi.

Miaka minne kabla ya safari hiyo, alitujia barazani kijana mmoja tuliyemsomesha sisi wenyewe tangu alifu, hata akahitimu Msahafu na kusoma fiq-hi na nahau kiasi cha kutosha. Akasema: "Maalim, watu wa Liwale wananitaka niende nikawasomeshe watoto wao. Nimekuja kutaka ruhusa." Sisi tukacheka. Tukamjibu: "Mwanangu, ilimu yote hii ukaizike porini? Huko utawasomesha ndovu na nyani!" Waliokuwapo barazani wakacheka pamoja nasi. Yeye hakucheka. Aliinama akatubusu mkono, na baada ya wiki mbili akafunga mizigo yake akaenda.

Mwezi wa Julai mwaka jana ikatujia barua kwa mkono wa dereva. Ilikuwa fupi: "Maalim, watoto watano wa chuo chetu watahitimu Msahafu mwezi ujao, nao ni wa mwanzo. Nakuomba uje uwasikilize. Na liko jambo jingine nataka kukuuliza kwa mdomo." Tuliisoma barua ile mara mbili, na maneno yetu ya siku ile yakaturudia yote, pamoja na kicheko chake. Tukasema, hapana budi kwenda.

Sisi ni watu wa Kilwa Kivinje. Kutoka kwetu hata njia panda ya Nangurukuru si mbali, na kutoka Nangurukuru hata Liwale ni kilomita zipatazo 230 za barabara ya udongo. Tulipanda basi alfajiri. Ukishaipita Njinjo, vijiji vyaanza kuwa mbali mbali, kisha miti yakukamata kulia na kushoto. Wakati wa kiangazi miombo huwa imepukutisha majani, ardhi ni nyekundu, na vumbi huingia hata ndani ya kilemba. Mbung'o nao huingia madirishani, wakauma juu ya nguo. Abiria wenyeji walituonyesha namna ya kuwaua kwa kuwabana kwa kitambaa, maana mbung'o ukimpiga kwa kofi haumii. Adhuhuri tuliteremka kando ya njia, tukasali kwa kupunguza na kukusanya kama ilivyoruhusiwa msafiri, na katika kimya cha pori lile hatukusikia ila ndege na upepo. Kwa hakika tuliona hofu kidogo, na tukajiuliza ni akili gani iliyomleta kijana wetu huku.

Tulifika kabla ya magharibi. Liwale si mji mkubwa, lakini ni mji. Kuna soko, maduka, shule, hospitali, ofisi za serikali na misikiti. Pikipiki zapita huku na huku, na vijana wameshika simu zao kama vijana wa kwetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, wilaya nzima ilikuwa na watu 91,000 na zaidi kidogo, katika nchi pana kuliko mikoa mingine mizima. Wengi wao ni Wangindo, pamoja na Wayao, Wamwera, Wamakonde na wengineo. Wanalima korosho, ufuta, muhogo, mpunga na mbaazi. Mikorosho ilikuwa ikitoa maua siku zile, na harufu yake ilitupokea tangu kiunga cha mji.

Mwanafunzi wetu alitulaki penye kituo cha basi. "Shikamoo, Maalim." "Marahaba, mwanangu." Alikuwa amekonda kidogo, na ndevu zimemjaa. Alitwaa mkoba wetu, wala hakuutaja ule mzaha wetu hata mara moja; na hilo likatuumiza zaidi kuliko kama angeutaja. Usiku ule mkewe alitupikia ming'oko, ile mizizi ya porini ijulikanayo sana katika mikoa ya kusini, ikachemshwa kwa chumvi, pamoja na samaki wa mtoni na asali. Akatuambia: "Babu, msiidharau ming'oko. Hii ndiyo iliyowaokoa wazee wetu mwaka wa njaa." Hatukujua bado ni njaa ipi aliyoisema.

Asubuhi mzee mmoja wa msikiti, mtu wa miaka themanini na ushei, alitualika kwenda kutazama shamba lake nje ya mji. Tulikwenda naye polepole kwa miguu. Tulipofika mwisho wa mashamba, pahala pori linapoanzia, tukaona katikati ya miombo miembe mitatu mikubwa sana, mizee, imesimama pamoja. Tukamwuliza: "Mzee, nani aliyepanda miembe porini?"

Akatutazama kwa muda, kisha akasema: "Maalim, mwembe hauoti penye miombo kwa kujipendea. Hapa palikuwa na kijiji. Na ukienda mbele, hata ndani kabisa ya hifadhi ya wanyama, utakuta miembe mingine. Kila penye mwembe palikuwa na watu. Ninyi mnapita mwasema pori. Sisi twapita twasema, hapa kwa fulani."

Ndugu wasomaji, maneno haya tuliyarudi nayo, na hapa yatupasa kueleza khabari zake, maana vijana wetu wengi hawazijui.

Mwezi wa Julai 1905 watu wa Umatumbi, huko Nandete, waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Mwezi wa Agosti vita vilikwisha fika Liwale, na boma la Wajerumani lililokuwa pale likaangushwa. Wajerumani walipopata nguvu walilipiza kisasi si kwa bunduki tu, bali kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula, ili njaa imalize kile kilichobakizwa na risasi. Wajerumani wenyewe walikisia waliokufa kuwa 75,000. Wataalamu wa taarikh waliofuata wamekisia laki mbili na zaidi, na wengi wao ni kwa njaa. Hiyo ndiyo njaa aliyoitaja mke wa mwanafunzi wetu. Walioponyoka waliishi kwa mizizi ya pori.

Basi watu walipopungua, nani aliyebaki kufyeka? Mashamba yalirudi kuwa kichaka, kichaka kikawa msitu, mbung'o wakaingia, na ndovu wakaja nyuma yao. Kisha, katika miaka ya 1940, serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wangindo wengi kutoka upande wa magharibi, ikawakusanya katika vijiji vikubwa, kwa sababu ya ugonjwa wa malale na kwa sababu ya ndovu. Na nchi waliyoiacha ikaingizwa katika hifadhi ya wanyama. Zama hizo Bwana Nyama wa Liwale alikuwa Mwingereza aitwaye Constantine Ionides, ambaye sifa yake ilienea duniani kwa kukamata nyoka. Alikufa mwaka 1968, naye alikuwa miongoni mwa walioipanua hifadhi hiyo. Hifadhi yenyewe iliitwa Selous, kwa jina la mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa Beho Beho mwaka 1917 katika vita vikuu vya kwanza. Mwaka 1982 ikaingizwa katika urithi wa dunia, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wageni kutoka Ulaya na Marekani huja kuitazama, wakasema: hii ni nchi isiyowahi kuguswa na mkono wa mtu. Laiti wangaliiuliza ile miembe!

Nasi wa pwani tusijione wema. Kwetu Kivinje kuna ukumbusho wa mwembe walikonyongewa mashujaa, akiwamo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, nasi huwaonyesha wageni kwa fahari. Lakini katika karne ya kumi na tisa Kivinje hiyo hiyo ilikuwa bandari kubwa ya kusafirisha watumwa na pembe za ndovu, na misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilipita katika nchi hizi kuja kwetu. Wako waliokamatwa wakaletwa wamefungwa, na waliokuwa wakiwaita "watu wa porini" walikuwa ni wazee wetu. Neno lile tulilomtania nalo mwanafunzi wetu halikuzaliwa barazani petu siku ile. Tulilirithi.

Tena lisikieni jambo hili. Uislamu haukuenea katika nchi hizi za bara ya kusini kwa nguvu za matajiri wa pwani. Ulienea zaidi baada ya Maji Maji, katika siku za dhiki, kwa mikono ya waalimu wadogo wa vijijini, wengi wao wenyeji wa huko huko, waliosomesha chini ya miti kwa ubao na wino wa masizi. Watu hawa majina yao hayamo vitabuni, lakini Mwenyezi Mungu anawajua.

Tulipokuwa tunarudi tulimkuta bibi mmoja kando ya shamba lake la muhogo. Usiku wa kuamkia siku ile ndovu walikuwa wamepita. Mihogo imeng'olewa, mingine imekanyagwa, na mkorosho mmoja umevunjwa katikati. Bibi huyo alikuwa ameketi kitako, anachambua vipande vinavyofaa. Sisi, kwa desturi yetu ya kutoa mawaidha, tukamkumbusha ile hadithi iliyopokewa kwa Mtume wetu (S.A.W.), kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Bibi akanyanyua uso, akasema kwa upole: "Ahsante, Maalim. Maneno ya Mtume ni ya kweli, na thawabu twazitaraji. Lakini ndovu akishakula, watakaolala na njaa ni wajukuu zangu. Ninyi mnaowapenda ndovu, nanyi mnaotuhadithia sadaka, mmepanda nini katika shamba hili?"

Hatukuwa na jibu. Hadithi ile ni faraja kwa aliyepata hasara. Si udhuru kwa yule ambaye hakupoteza kitu. Nasi tuliitumia kama mtu anayetoa sadaka mali ya mwenziwe.

Wasomaji wetu watambue kuwa jambo hili si dogo. Katika hesabu ya mwaka 1976 ndovu wa nchi hiyo ya hifadhi walikuwa wapata 109,000. Hata kufika mwaka 2013 walibaki wapata 13,000 tu, kwa sababu ya majangili na tamaa ya pembe. Kumaliza kiumbe cha Mungu namna hiyo ni dhulma, na waliosimama kuwalinda wamefanya haki. Lakini mzigo wa kuwalinda haukugawanywa sawasawa. Dunia nzima hufurahi kuwa ndovu yupo, na bibi mmoja wa Liwale ndiye anayemlisha. Watu wa kule hukesha mashambani wakipiga madebe na kuwasha moto. Wengine hutundika kambani vitambaa vilivyochovywa katika pilipili na oili chafu. Serikali imeweka malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina haya yanatosha kueleza: jasho hufutwa, lakini shamba halirudi, na machozi hufutwa, lakini maiti harudi.

Na watu hao hao, juu ya dhiki hiyo, wametunza msitu wao. Vijiji vya Liwale vina msitu uitwao Angai, zaidi ya hekta 130,000, wenye mininga na mipingo ya thamani, nao ni msitu wa vijiji vyenyewe, chini ya amri ya wanavijiji wenyewe. Sisi wa pwani tumeikata mikoko yetu kwa kuni na boriti, kisha twawaita wao watu wa porini!

Siku ya tatu tuliingia chuoni. Ni banda la miti na udongo, paa la mabati, na mikeka ya ukindu. Watoto ni arobaini na watatu, wake kwa waume. Kwetu sisi watoto huja chuo mara baada ya alfajiri. Kule haiwezekani, kwa kuwa gizani ndovu huwa bado wamo njiani. Kwa hiyo kijana wetu amebadili saa zake. Husomesha mchana baada ya shule, na huwaachilia mapema ili wafike makwao jua lingali juu. Watoto wa mbali huenda kwa kundi, wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati, na wa nyuma kabisa amebeba debe. Hayo hatukuyasoma katika kitabu chochote cha malezi, na sisi tumesomesha zaidi ya miaka thelathini.

Wale watano wakasoma mbele yetu, mmoja baada ya mmoja. Tuliwatega pale tunapowatega wanafunzi wetu kila mwaka, penye madda na ghunna na penye kusimama. Wanne hawakukosea. Wa tano, binti wa miaka kumi na miwili, alikosea mara moja, akajirudi mwenyewe kabla hatujafungua kinywa. Tulifunika Msahafu, na machozi yakatutoka. Wazee waliokuwapo walidhani ni kwa furaha ya kisomo tu. Kijana wetu alijua.

Usiku ule alituuliza lile jambo lake. Msikiti mmoja wa mjini pwani umemtaka akawe mwalimu, kwa mshahara wa kila mwezi na nyumba. Pale Liwale hulipwa msimu wa korosho na wa ufuta. Miezi mingine huishi kwa jembe kama wenziwe. Mwanawe wa pili amekuwa akiugua mara kwa mara. "Maalim," akasema, "mara ya kwanza nilikuja kutaka ruhusa, ukanikataza kwa kicheko, nikaenda bila radhi yako. Jambo hilo limenikaa moyoni miaka minne. Safari hii nitafanya utakavyosema."

Tukamwambia: "Mwanangu, kwanza utusamehe. Siku ile hukuwa wewe uliyeondoka bila radhi. Ni sisi tuliotoa rai bila ilimu. Tulikosea tulipokuambia usije. Na leo tukikuambia usiondoke, kisha sisi tukarudi pwani tukala na kulala, tutakuwa tumekosea mara ya pili, maana tutakuwa kama yule aliyemwambia bibi habari za sadaka. Radhi yetu unayo, ukikaa na ukiondoka. Lakini kabla hujaamua, tupe muda tufanye lile ambalo lilitupasa tangu mwanzo."

Yule mzee wa miembe alikuwa amekaa nasi. Akasema neno moja tu: "Shamba likiachwa msimu mmoja, nyasi. Likiachwa miwili, kichaka. Likiachwa mitatu, ndovu hajui tena kama palikuwa na mtu."

Ndugu Waislamu, hayo ndiyo tuliyokwenda kujifunza Liwale. Twadhani pori ni kitu kilichokuwapo tangu zamani, na kwamba wanaoishi karibu nalo ni watu waliochelewa. Sivyo. Pahala huwa pori pale watu wanapoondoka au wanapoondolewa. Vita viliwaondoa, njaa ikawaondoa, amri ya serikali ikawaondoa. Na leo, pasipo bunduki wala amri, twawaondoa kwa kicheko cha barazani, tunapomwambia kila kijana mwenye ilimu kuwa kwenda kijijini ni kujizika.

Basi wazazi, kijana wenu akiitwa kwenda kufundisha, kutibu au kulima pahala pa mbali, msimcheke. Mwulizeni atahitaji nini, kisha mpeni. Vijana, msiende kwa kudhani mnawapelekea watu nuru wasiyokuwa nayo. Nendeni kwa adabu, maana mtakuta huko miembe iliyopandwa kabla yenu. Na sisi tuliobaki mijini tusiridhike kuwasifu waliokwenda. Sifa haijazi ghala.

Tuliporudi Kivinje tuliwakusanya wale wale waliocheka nasi barazani, tukawasimulia kama tulivyowasimulia ninyi. Hawakucheka. Tumepatana kuchanga kila mwezi kwa ajili ya mwalimu yule, kila mtu kwa uwezo wake, na mmoja wetu kwenda kila mwaka kuwasikiliza watoto. Si fedha nyingi, na hatujui kama zitamtosha. Tumempelekea barua kumweleza, na hata tunapoandika haya jawabu halijafika. Huenda ameamua kukaa. Huenda ameamua kuondoka, na akiondoka hatumlaumu. Lakini akiondoka, mchango utaendelea kwa atakayemfuata, na atakayetaka kumfuata asije kwetu kutaka ruhusa. Aje kutaka nauli.

Wabillahi ttawfiq.